Stata inazungusha, injini haishiki: kutafuta chanzo kwenye gari la zamani

Gari likipiga stata bila kushika, pampu ya petroli ndiyo huhukumiwa kwanza. Inatolewa, inafungwa nyingine ya mtumba, na injini bado inazunguka tu. Zamu ya koili (inayopandisha umeme wa cheche) inafuata, kisha plagi zote nne, na mwishowe inagundulika fyuzi iliungua au swichi ya alamu haikuachia. Pesa zimeshakwenda. Usinunue kipuri chochote kabla ya kujua kinachokosekana ni nini: cheche, petroli, au mgandamizo ndani ya silinda. Kujua hilo hakuhitaji mashine ya kompyuta. Kunahitaji spana ya plagi, taa ya kupimia ya volti 12, mita ya bei nafuu, na mtu wa kukuzungushia funguo.

Maelezo haya ni ya magari ya petroli ambayo bado yamejaa barabara za Kenya, kama za Nakuru, Kisumu, Kakamega na Kitale: Corolla za AE100 na AE110, Starlet, Nissan Sunny, Honda za miaka ya 1990, na zile kongwe zaidi zenye kabureta kama Datsun 1200, Corolla DX na Peugeot 504. Gari la dizeli lina hadithi yake, nalo limepewa aya moja tu huko chini.

Kabla ya kugusa chochote

Weka gia huru au P, vuta breki ya mkono, funga mikono ya shati na uzime sigara. Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Ipumzishe nusu dakika, la sivyo utaua stata na betri kwa pamoja. Ukiona moshi kwenye waya, toa kichwa cha betri cha hasi kwanza, maswali baadaye.

Na acha kabisa ile tabia ya kumwaga petroli ya chupa kwenye mdomo wa kabureta huku mwenzako akipiga stata. Injini ikirudisha moto nyuma, moto hupitia hapo hapo ulipoinamia, na chupa iko mkononi mwako.

Hakikisha pia petroli ipo kweli. Geji za magari ya umri huu hudanganya, na gari la kuwekewa ya mia mbili mia mbili likiegeshwa kwenye mteremko, mfereji wa pampu unaweza kubaki hewani ingawa tangi lina lita mbili au tatu. Ongeza lita tano kabla ya kuendelea.

Dalili: inazunguka kwa uzito, taa za dashibodi zinafifia

Watu wengi husema stata iko sawa kwa sababu injini inazunguka. Lakini ikizunguka polepole, volti inashuka mno, koili inakosa nguvu na kompyuta ya injini inaweza kujizima. Betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6 gari likiwa limetulia. Weka mita kwenye nguzo za betri halafu upigiwe stata: ikishuka chini ya 9.6, betri ni dhaifu au stata inakula umeme kupita kiasi.

Chanzo cha kawaida zaidi ni vichwa vya betri vyenye ukungu mweupe au vilivyolegea. Visugue, vikaze. Kinachofuata ni waya wa athi kutoka betri hadi kwenye bodi na injini, hasa pale kwenye gia boksi ambapo hushika kutu. Baada ya hapo ndipo betri yenyewe. Stata ni ya mwisho.

Dalili: inazunguka vizuri, haijaribu hata kushika

Hili ndilo lalamiko linalorudiwa kuliko yote.

Anza na alamu. Magari mengi hapa yamefungwa alamu, traka au swichi ya siri inayokata moto (umeme) wa pampu au wa koili huku ikiiacha stata izungushe kama kawaida. Betri ya rimoti ikiisha nguvu au rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya alamu ikichoka, utapata dalili hii hii. Uliza mwenye gari wa zamani ilikofichwa swichi. Mara nyingi iko chini ya dashibodi upande wa dereva, nyuma ya sahani ya redio, au chini ya kiti. Gari lililochukuliwa mkopo linaweza kuwa limezimwa na aliyekopesha kupitia traka, na hapo tatizo si la fundi. Gari lililowahi kuwa matatu huenda lina waya za kidhibiti mwendo zilizounganishwa kwenye moto wa injini na kuachwa zikining'inia. Ukikuta kiungio kilichofungwa kwa utepe mweusi chini ya usukani, umeshapata mshukiwa.

Kisha angalia fyuzi. Usitazame kwa macho tu. Gusisha taa ya kupimia pande zote mbili za fyuzi funguo ikiwa ON. Zilizoandikwa EFI, IGN au ENGINE ndizo za kwanza.

Sasa pima cheche. Chukua plagi nzuri ya ziada, ichomeke kwenye waya mmoja wa plagi, laza mwili wake kwenye chuma safi cha injini, mbali na mdomo wowote wa petroli. Toa fyuzi ya pampu kwanza, kama rilei yake haijaungana na ya kuwasha moto, ili petroli isimwagike bure. Usishike waya kwa mkono: mifumo ya umeme ya miaka ya 1990 hutoa volti elfu ishirini na zaidi, na mwenye kifaa cha moyo kifuani asikaribie kabisa. Mwenzako apige stata sekunde tano. Cheche nzuri ni ya buluu na inasikika ikipiga. Cheche ya manjano, nyembamba, inayopotea, ihesabu kuwa hakuna.

Cheche ikikosekana, rudi nyuma hatua moja. Kwenye gari lenye koili ya nje, toa waya wa kati wa distributa (inayogawa cheche kwa kila plagi) na uupime vivyo hivyo. Kama hapo cheche ipo, koili ni nzima na kosa liko kwenye rota (inayozunguka ndani ya distributa), kepu (kifuniko chake) au waya za plagi. Rota yenye ufa mwembamba mweusi hupeleka cheche yote kwenye shafti badala ya plagi. Huoni ufa huo mpaka uifute. Waya wa plagi mmoja ukisoma zaidi ya kilo-ohm 25 kwenye mita, ubadilishe.

Kama hata waya wa kati hauna cheche, gusisha taa ya kupimia kwenye chanya ya koili, funguo ON. Haiwaki? Moto haufiki: rudi kwenye swichi ya funguo, fyuzi na alamu. Inawaka? Hamishia klipu ya taa kwenye chanya ya betri na ncha yake kwenye hasi ya koili, kisha upigiwe stata. Taa ikipepesa, kinachokata na kuunganisha moto kinafanya kazi na koili ndiyo imekufa. Isipopepesa, koili haina hatia. Kwenye magari ya pointi, tazama pointi zenyewe (vyuma viwili vidogo ndani ya distributa vinavyogusana na kuachana): zikiwa zimeungua au haziachani, zisafishe kwa msasa laini na uweke nafasi ya kati ya milimita 0.4 na 0.5, halafu ubadilishe kondensa. Kwenye magari ya elektroniki, mshukiwa ni igniita (kisanduku cha elektroniki kinachokata na kuunganisha moto wa koili) au sensa iliyo ndani ya distributa. Kwenye Sunny za distributa fungua kepu uone kama mafuta ya injini yamevuja ndani kupitia sili ya shafti. Yakilowesha sensa, ishara hupotea.

Kuna njia ya mkato kwa gari lenye geji ya mizunguko: itazame wakati stata inazungusha. Sindano ikitikisika kidogo, upande wa koili na sensa kwa kawaida unafanya kazi, nenda moja kwa moja kwenye petroli. Ikilala kimya, shughulika na moto.

Wenye Toyota za AE100 na wenzake wana msaada mwingine. Chini ya boneti kuna kisanduku cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS. Unganisha TE1 na E1 kwa waya mfupi, weka funguo ON, uhesabu mipepeso ya taa ya injini. Mpepeso mmoja, kituo, kisha miwili ni 12. 12 na 13 ni ishara ya mzunguko wa injini kutoka distributa, 14 ni igniita, 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni sensa ya hewa. Mipepeso ya haraka isiyo na kituo maana yake hakuna kosa lililorekodiwa. Angalia maandishi ya ndani ya kifuniko vizuri kabla ya kuunganisha. Kukosea tundu kunaweza kuchoma kompyuta.

Cheche ikiwepo: upande wa petroli

Puliza spreyi ya kusafishia kabureta kwenye mdomo wa hewa kwa sekunde mbili, weka kopo mbali, kisha piga stata. Injini ikishika kwa muda mfupi na kuzima, petroli haifiki. Isiposhika kabisa na cheche ni nzuri, ruka hadi sehemu ya mkanda wa taiming (unaoendesha valvu) huko chini, penye dalili ya kuzunguka kwa wepesi usio wa kawaida.

Kusikiliza pampu kuna mtego. Kwenye Nissan pampu huvuma sekunde chache funguo ikiwekwa ON, kisha hunyamaza. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo hainguruma mpaka stata izungushe, kwa hiyo ukimya wa funguo ON si ushahidi. Kuna waliobadilisha pampu nzima kwa kosa hilo. Kwenye kisanduku kile kile cha Toyota unganisha Fp na +B, funguo ON: pampu ikivuma na mpira wa petroli ukikakamaa, pampu ni nzima na unatafuta rilei. Ikinyamaza, pima kama moto unafika kwenye kiungio chake cha nyuma kabla ya kuihukumu. Pampu za ndani ya tangi hupozwa na petroli yenyewe, ndiyo maana gari linaloishi kwenye akiba huziua mapema.

Filta ndiyo hufuata. Ile ya plastiki ya magari ya kabureta unaiona kwa macho. Ikiwa kahawia, ibadilishe. Ya chuma ya magari ya injekta (yasiyo na kabureta) ina shinikizo la karibu bar 2.5 hadi 3, na petroli huruka usoni ukifungua nati bila kulitoa. Toa fyuzi ya pampu, piga stata sekunde chache, funika nati kwa kitambaa, ndipo ufungue. Kama hujawahi, mwachie fundi.

Kwenye kabureta, toa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa ya kioo, piga stata sekunde tano. Pampu inayosukumwa na kemu (shafti inayofungua valvu) inapaswa kurusha petroli kwa mapigo yenye nguvu. Ikidondoka tu, kiwambo kimepasuka. Hapo nusa kijiti cha mafuta ya injini: kikinuka petroli, usiendeshe mpaka mafuta yabadilishwe, maana oili iliyochanganyika na petroli hailindi beringi.

Na petroli yenyewe je? Kuchanganya mafuta ya taa ndani ya petroli na dizeli kulikuwa biashara kubwa nchini Kenya hata serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka ndani ya dakika chache bila alama. Ikibaki duara la mafuta, kuna kilichoongezwa. Kwa maji, jaza chupa ya kioo na uiache dakika 10: maji hukaa chini, mstari unaonekana. Hili hutokea sana msimu wa mvua za Machi hadi Mei. Gari lililolala ushago miezi mingi lina petroli iliyochacha na kutu ya tangi. Mwaga yote, usichanganye na mpya. Na tazama waya za injekta, maana gari linaloegeshwa karibu na ghala la mahindi lina panya.

Dalili: harufu kali ya petroli, plagi zimelowa

Injini imelewa. Mara nyingi ni kwa sababu hakuna cheche, hivyo rudi kule juu. Kama cheche ipo, kanyaga ekseleta hadi sakafuni bila kuipampu, piga stata sekunde 10. Hewa inaingia kwa wingi, na kwenye injini nyingi za injekta kompyuta hupunguza petroli au huikata. Isiposhika, toa plagi, zikaushe kwa kitambaa na hewa, piga stata zikiwa nje ili silinda zipumue, uzirudishe. Usizichome kwenye jiko.

Kwenye kabureta angalia choki (kilango kinachopunguza hewa) iliyokwama ikiwa imefungwa, na sindano ya bakuli la petroli isiyoziba. Kuna suala la mwinuko pia. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu ni kama 1,130. Kabureta iliyopimwa Kisumu hukuta hewa nyepesi ikipanda Molo au Timboroa, na mchanganyiko unakuwa na petroli nyingi. Mwenye gari asubuhi ya baridi anavuta choki yote kama alivyozoea, analewesha injini. Nusu ya choki inatosha huko.

Kwenye injekta, sensa ya joto la maji ikikatika inaweza kuiambia kompyuta kwamba injini ni barafu, nayo ikamimina petroli. Ni kosa 22 kwenye Toyota. Kiungio chake cha waya mbili mara nyingi kimeoza tu.

Dalili: inagoma baada ya mvua au kuoshwa injini

Kepu ya distributa na waya za plagi. Fungua kepu, kausha ndani na nje, tazama mistari myeusi kama ya penseli kati ya nguzo: hiyo ni njia ya umeme uliopotea, na kepu hiyo haitapona. Usiku, ukipigiwa stata gizani, utaziona cheche zikitembea juu ya waya. Badilisha waya zote kwa pamoja.

Dalili: injini ikiwa baridi inashika, ikiwa na joto inagoma

Umepanda kutoka Ahero hadi Kericho mchana, umesimama dakika 15 sokoni, gari halishiki. Baada ya saa moja linashika kama hakuna kilichotokea.

Kwenye kabureta, petroli imechemka kwenye mrija au pampu na kuwa mvuke. Mwinuko unaishusha zaidi nukta ya kuchemka. Funga kitambaa chenye maji baridi kwenye pampu na mrija, subiri dakika 10. Dawa ya kudumu ni kuusogeza mrija mbali na manifoldi ya moshi na kurudisha ngao ya joto ambayo mara nyingi ilitupwa na mtu asiyejua kazi yake.

Kwenye injekta, mshukiwa wa kwanza ni igniita au koili inayokufa ikipata joto, kisha sensa ya distributa au ya kranki (shafti kuu ya injini), kisha rilei. Rilei kuu ya Honda za miaka hiyo ni maarufu kwa risasi zake za kulehemu za ndani kupasuka. Gari lililoanikwa juani linagoma, likipoa linakubali. Siri ni kupima wakati limegoma. Gari lililovutwa hadi gereji likafika limepoa halitaonyesha chochote.

Dalili: inashika, ukiachia funguo inazima

Kwenye magari ya pointi, kizuizi (rezista) cha koili kimekatika: wakati wa stata moto hupita njia ya pembeni, ukiachia hakuna njia nyingine. Usikiruke kwa waya wa moja kwa moja, utaiunguza koili na pointi. Chanzo kingine ni swichi ya funguo iliyolika upande wa ON. Itikise funguo huku taa ya kupimia ikiwa kwenye chanya ya koili. Gari lenye funguo ya chipu likishika sekunde mbili na kuzima, huku taa ya ufunguo ikimeta, linahitaji fundi wa waya mwenye vifaa.

Dalili: inapiga risasi kwenye kabureta au ekzosi

Waya za plagi zimechanganywa, au distributa imezungushwa. Injini nyingi za silinda nne mstari mmoja huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Kwenye Toyota na Datsun silinda ya kwanza ni ya mbele, upande wa mkanda. Kwenye Peugeot huhesabiwa kutoka upande wa gia boksi, na hapo ndipo wengi hupotea.

Dalili: inazunguka kwa kasi na wepesi usio wa kawaida

Acha stata. Huenda mkanda wa taiming umekatika au umeruka meno. Fungua kifuniko cha kumiminia oili, mwenzako azungushe kwa nusu sekunde tu, utazame kama kemu inasogea. Isiposogea, usijaribu tena: kwenye baadhi ya injini pistoni hugonga valvu, na kila jaribio linaongeza gharama. Hii ni kazi ya fundi.

Kemu ikisogea, pima mgandamizo kwa geji yake. Plagi zote nje, koili imechomolewa kiungio chake, ekseleta imekanyagwa yote. Vitabu hutoa namba za usawa wa bahari. Nakuru hewa ina takribani asilimia 80 ya shinikizo la huko, kwa hiyo injini ambayo kitabu kinasema psi 180 kusoma 145 si ugonjwa. Kisumu tarajia kama 155. Kinachohukumu ni tofauti kati ya silinda: mbili jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ya hedi. Moja ikiwa chini, mimina kijiko kimoja cha oili ndani ya tundu la plagi upime tena. Ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu.

Kwa dizeli

Sikiliza solenoidi (kilango cha umeme kinachoruhusu dizeli) ya pampu ikilia "tak" funguo ikiwekwa ON. Ikilia, toa hewa kwenye filta kwa pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, kisha pima plagi za joto (zinazopasha silinda kabla ya kuwasha). Usipulize spreyi ya etha kwenye injini yenye plagi za joto. Inaweza kupasua pistoni.

Gari lililopita kwenye maji

Mafuriko ya uwanda wa Kano na Nyalenda, huko Kisumu, huleta dalili yake: gari lilizima ndani ya maji, na sasa stata inazungusha kidogo halafu inagonga na kusimama ghafla. Usilazimishe, wala usilisukume. Maji hayagandamiziki, na injini iliyoyanywa ikilazimishwa hupinda fimbo za pistoni. Toa kichwa cha betri, fungua kisanduku cha filta ya hewa; filta ikiwa imelowa, toa plagi zote kabla ya kugusa funguo tena. Hapo ndipo upige stata kwa muda mfupi, ukiwa umekaa pembeni, maji yaruke. Kisha vuta kijiti cha oili. Ikiwa imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, badilisha oili na filta kabla injini haijawaka hata mara moja, na baada ya kilomita chache uzibadilishe tena.